Kisutu Ndani ya Sanduku la Mdogo Wangu

Wewe uliyepigiwa simu wiki hii ukaambiwa urudi kliniki na mtu wa kukusindikiza, ninakuandikia wewe. Ugonjwa wenyewe sitaueleza. Watakupa vijitabu vyenye picha za wanawake wanaotabasamu, utavisoma kwa wakati wako. Mimi nataka kukueleza habari za wivu, kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba saratani ya titi huja nao, na mwenzio nilidhani nimepagawa.

Nilimwonea wivu kila mtu. Kila asubuhi mama mmoja wa Kizungu alipita mbele ya nyumba yetu, Germantown, huku Marekani, akikimbia na mbwa wake. Nilimwonea wivu yeye na mbwa. Kazi yangu ilikuwa kuwahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, na hata wale wa miaka tisini niliokuwa nawabadilisha nepi niliwawaza kwa kijicho. Wamefanya nini cha maana mpaka wakapewa miaka yote hiyo? Akina mama wa jumuiya yetu walikuja Jumapili na masufuria ya pilau, wakaketi, wakasema pole, Mungu yupo. Moyoni nikawajibu yupo kwenu, wenye matiti mawili. Pilau nilikula.

Titi la kushoto walilitoa miti ya mtaa wetu ikiwa bado mitupu. Ilipoanza kuchipua niliweza kuinua mkono mpaka begani, si zaidi. Kisha wakaniambia kwamba majira yote ya joto nitapewa kimo, ndivyo sote huku tunavyoiita ile dawa ya dripu, na majani yakianguka nitaanza mionzi. Mume wangu, Omari, alitoka na gari gizani kila siku ili aiwahi foleni ya kwenda mjini. Tulikuwa na binti mmoja, Salma, mwenye miaka tisa. Nani angempikia, na nani angenishika kichwa nikitapika? Mama yangu, aliyeko Muheza, kule Tanga, akasema atamtuma Tatu.

Tatu ni mdogo wangu wa mwisho. Nilimbeba mgongoni mpaka nikapinda. Alitua uwanja wa ndege wa Dulles joto lilipoanza kushika, na viza ya miezi sita, unga wa ulezi na sanduku moja. Omari alipomwona akasema mgeni njoo mwenyeji apone, tukacheka sote pale penye kusubiria mizigo. Tatu akaniamkia shikamoo dada, akanikumbatia upande wa kulia tu, maana alishaambiwa. Nilimpenda sana siku ile.

Wiki za kwanza nilimshukuru mpaka nikalia. Halafu akaizoea nyumba. Alipanga upya sufuria zangu, na siku moja niliingia jikoni kwangu mwenyewe nikitafuta chumvi nikaikosa, ikabidi niulize. Anayeuliza chumvi iko wapi ndani ya nyumba ni mgeni. Nilisimama pale na kijiko changu, nikajua hivyo.

Nywele zangu ziliondoka zote katika wiki moja, zikaziba tundu la bafu. Wiki hiyohiyo Tatu akamsuka Salma mistari iliyonyooka, midogo, kazi ya nusu siku, na mtoto hakulia. Kwangu alikuwa akilia. Nilimwuliza kama mimi nilikuwa namvuta. Akanijibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu wa huku wanavyojibu hata ukiwauliza kwa Kiswahili: "Mama mdogo does it softer." Yaani yeye ana mkono mwepesi. Siku nyingine mwalimu wake akapiga simu kusema amefurahi kukutana na mama mwingine wa Salma, yule kijana anayemfuata shuleni. Nilisema asante, nikakata simu, nikaenda kujilaza nikiwa na viatu.

Na Omari. Kwetu shemeji na shemeji hutaniana, wewe unajua. Mume humwita mdogo wa mkewe mke mdogo, mke wa akiba, naye humjibu kwa kumdai kanga ya Idi. Nimekulia katika maneno hayo na hakuna aliyewahi kuyatia maanani. Lakini Omari aliporudi kazini akauliza, "Mke mdogo, leo umetupikia nini?" na Tatu akajibu kutoka jikoni, "Kwanza lete kanga," mimi nikiwa sebuleni na kitambaa kichwani na ndoo miguuni, sikuweza kucheka. Tatu alipoinama kuniwekea sahani nilimtazama kifua. Matiti yalikuwa mawili, yamekaa mahali pake, na hayakuwa na habari na mtu.

Ili unielewe, lazima nikwambie kuhusu bibi yetu mzaa mama. Aliingia nyumba ya babu kwa mlango wa uuguzi. Dada yake alikuwa ameolewa na babu, akaugua, bibi akapelekwa kumwosha na kumlishia watoto. Dada akafa. Bibi hakurudi kwao. Wazee walikaa, wakasema watoto wasiletewe mama wa kambo asiyejulikana, wakamwoza babu bibi huyohuyo, aliyekuwa tayari anajua vyombo vinakaa wapi. Mama yetu alizaliwa katika ndoa ile ya pili. Alituhadithia habari hiyo tangu utotoni kama jambo la heshima, nami niliipenda mpaka mwaka ule.

Sasa twende kwenye nyota za vitambaa.

Hospitali ilikuwa mjini. Siku za kimo Tatu alinipeleka kwa treni kutoka kituo cha Shady Grove, akinishika mkono kama mtoto. Chumba cha kusubiri kilikuwa na samaki kwenye tangi, televisheni isiyo na sauti, na majarida ya mapishi ambayo kurasa zake nzuri zilishachanwa. Tulikaa humo tukipimana kwa macho. Usidanganywe na zile tabasamu. Kila mtu pale anaangalia nani amepauka kuliko nani, na akimwona aliyemzidi, roho inatulia kidogo.

Kiti kizuri kilikuwa cha dirishani, na kilikaliwa siku zote na Bi Loretta, Mmarekani mweusi wa Bladensburg, aliyewahi kuwa dereva wa basi. Alikuwa na ugonjwa wangu na ratiba yangu. Alikuja na kopo la biskuti lililojaa vipande vya vitambaa, na kwa sindano ya mkono aliunganisha nyota, moja baada ya nyingine, za kwilti, lile blanketi lao la viraka. Kila nyota ilikuwa na ncha nane, na kila ncha kali. Nilimwonea wivu kiti, kisha nikamwonea wivu nyota. Aliponikuta nakodoa macho akanisogezea kopo na kusema mtu hawezi kuangalia samaki miezi minne.

Nyota yenyewe si ngumu ukiitazama. Unakata mraba mmoja mkubwa wa katikati na miraba minne midogo ya pembeni. Kati ya pembe na pembe unaweka kipande cha mstatili kilichoshonwa kwa pembetatu tatu, moja kubwa na mbili ndogo ubavuni, na hizo ndogo ndizo zinazotoka nje kuwa ncha. Nilikuja na kanga zangu kuukuu, mji wa kanga kwa katikati na pindo kwa ncha. Bi Loretta alizipapasa kwa vidole, akasema kitambaa chepesi hiki kitavutika kikikatwa mshazari, nikitie wanga kwanza na kukipiga pasi. Nilifanya hivyo. Nyota zangu bado zilitoka vibutu, ncha zote zimekatika vichwa.

Kosa langu lilikuwa moja. Niliifikisha kila ncha ukingoni kabisa mwa kitambaa, kwa sababu ndivyo ilivyopendeza kabla ya kushonwa. Bi Loretta akasema lazima ibaki robo inchi ya nguo tupu juu ya ncha, hiyo robo ni ya mshono, mshono utaila. Ukitaka kila kitu kionekane, mshono utakula ncha. Kila alipopita macho kwenye kazi yangu alisema robo inchi tu, basi. Mimi sikuwa katika hali ya kumwachia mtu chochote, hata uzi.

Dawa ilipobadilishwa, vidole vyangu vikafa ganzi. Sindano niliishika bila kuisikia, nikajichoma na kuona damu kwenye kanga kabla ya maumivu. Tatu akanitafutia subana ya chuma ya kukinga kidole. Bi Loretta alikuwa na ganzi ileile, na nyota zake hazikuharibika, jambo ambalo nilishindwa kumsamehe. Siku moja akaniambia kwa utulivu, huku akikata uzi kwa meno, kwamba tangu nilipoingia pale ananionea wivu. Nikamwuliza anionee mimi kwa lipi. Akaonyesha kwa kidevu mlangoni, ambako Tatu alikuwa anarudi na maji yangu ya moto. Akasema yeye huja na mabasi mawili na kurudi na mabasi mawili, na hana wa kumshika mkono. Nilifurahi siku nzima. Kuonewa wivu kulinipa nguvu kuliko dripu. Jioni nikakumbuka ni kitu gani alichokuwa anakionea wivu, na furaha ikaisha.

Ilikuwa kwenye joto kali la Agosti nilipoishiwa rangi nyekundu. Kwilti ilikuwa ya Salma, hilo nilishaamua: kama nitaondoka, alale na mikono yangu. Nyota ya katikati nilitaka iwe nyekundu. Tatu alishaniambia mara nyingi kwamba kanga zake za zamani zimo sandukuni, nichukue ninayotaka. Alipokwenda na Salma kwenye bwawa la kuogelea, nikalivuta sanduku.

Chini kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki, nikakuta kisutu. Doti nzima, mpya, haijatenganishwa wala kupindwa, imefukizwa udi. Mwanamke wa kwingine angeona kitambaa chekundu chenye nyeupe na nyeusi, akachukua mkasi. Mimi mtu wa Tanga. Kisutu hakibebwi kwa bahati mbaya kwenda kuuguza mgonjwa. Hicho ni cha kuvalishwa bibi harusi.

Nilikaa sakafuni nikakishika mapajani. Kila kitu kikajipanga: chumvi, mistari ya nywele, mama mwingine, mke mdogo, na bibi yangu aliyekuja kuosha dada yake akabaki. Walikuwa wamemleta na sare kabisa. Nilijiona mimi ndiye ninayechelewesha shughuli. Nilikirudisha kama nilivyokikuta, nikafunga zipu, nikatapika bila dripu.

Sikusema. Kuanzia siku ile nilianza kuukataa uji wake. Kila asubuhi aliupika uji wa ulezi, akauleta, akasimama mpaka ninywe, na mimi nikasema nitakunywa baadaye, kisha nikaumwaga chooni. Siamini mambo ya kuwekewa vitu katika chakula, lakini wivu hauulizi unaamini nini. Nikakonda mpaka pete ikadondoka sinkini nikiosha kikombe. Daktari akanipima uzito mara mbili, akasema nikiendelea hivi atalazimika kuahirisha dozi ya mwisho. Tatu alilia ndani ya treni, machoni pa watu. Nikasema moyoni, anajua kuigiza.

Jirani yetu Mkenya, nesi, ambaye alinitazama kidonda bila kulipwa senti, aliniambia siku hizo, "Mama Salma, hiyo stress ndiyo inakumaliza, si hiyo cancer. Sema na mtu, sawa?" Nilimwambia sawa. Nimsemeshe nani?

Mwezi Septemba Omari akarudi na habari, akanitolea wakati anavua viatu. Viza ya Tatu itaisha Novemba. Mama amempigia kazini, anataka tumwombee Tatu aongezewe muda. Nikauliza aongezewe mpaka lini. Omari akawa anahangaika na kamba ya kiatu iliyokwisha kufunguka. Akasema mama amesema mpaka mambo yajulikane.

Mambo yapi yajulikane, sikuuliza. Yalikuwa mawili tu, nipone au nife.

Jumamosi iliyofuata Omari alikuwa zamu na Salma kwa rafiki yake. Nilitoa kisutu, nikakitandaza juu ya meza ya kulia, nikaweka mkasi juu yake. Nikamwita Tatu. Alitoka jikoni akifuta mikono, akakiona, akasimama.

"Nimeishiwa nyekundu," nikamwambia. "Nikikate hiki?"

Alimaliza kufuta mikono, kidole kimoja kimoja. Kisha akasema, "Kata."

Sikulitegemea hilo. Nilitegemea anyang'anye, tupigane, nipate ninachokitafuta. Nikamwuliza kisutu ni cha nani. Akasema chake. Nikamwuliza amekuja nacho Marekani kumfanyia nani harusi, na sauti yangu ikatoka nyembamba, sikuipenda.

Tatu akavuta kiti akakaa. Alinieleza akiwa anakitazama kitambaa, si mimi. Kulikuwa na mtu anaitwa Hamza, fundi wa mafriji, Tanga mjini. Posa yake ilishapokelewa, na mama yake Hamza alishaleta kisutu kwa mkono wake. Kisha habari zangu zikafika Muheza. Mama akawaita wazee wa Hamza, akawaomba wasubiri kidogo, mpaka mambo ya dada mtu yajulikane. Akamwambia Tatu asafiri, na kisutu akiache nyumbani. Tatu akakificha chini ya nguo, kwa sababu alijua akikiacha hatakikuta. Kitarudishwa kwa wenyewe kwa adabu, pamoja na posa.

Halafu akaninyanyulia macho. Sijawahi kumwona mdogo wangu amekasirika vile.

"Dada, unadhani mimi naitaka nyumba hii? Kila asubuhi naamka namwomba Mungu usife, na siyo kwa ajili yako tu. Ukifa, mimi ndiye nitakayezikwa humu ndani. Nitaamka kwenye kitanda chako na mume wako, nitamsuka mtoto wako, na Hamza ataoa mwingine. Unaumwaga uji wangu, nauona kwenye bakuli la choo. Unanimwaga mimi."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka mshono wa kifuani ukauma. Tatu alidhani nimechanganyikiwa. Lakini kwa miezi yote ile niliambiwa napendwa, na mtu mwenye wivu hana mahali pa kuliweka neno hilo. Anasema wanasema tu. Mapenzi ya Tatu ningeyatilia shaka mpaka kaburini. Mtu anayetaka nipone ili yeye akaolewe na fundi mafriji, huyo nilimwamini papo hapo. Nikamwambia alete uji.

Nilikunywa bakuli mbili pale mezani, kisutu kati yetu, na yeye analia. Ulikuwa na ndimu na sukari nyingi mno. Uzito ulipanda wa kutosha, na dozi ya mwisho nikaipata kwa siku yake.

Usidhani wivu uliisha. Ulihamia kwa Hamza. Nilimtaka anionyeshe picha, nikamwona na masikio yake makubwa, nikawaza huyu ndiye ninayepokonywa naye mdogo wangu? Lakini nilikuwa na kazi ya kufanya, na nilijua nisipoifanya siku ile sitaifanya. Nilinunua kadi ya simu nikampigia mama.

Mama yangu si mbaya, nataka hilo lieleweke. Yeye asingekuwepo duniani kama bibi angerudi kwao. Alichokuwa anakiona ni Salma mikononi mwa mwanamke wa kambo, ng'ambo ya bahari, na yeye hana hata nauli ya kwenda kumwangalia. Nilimwamkia, nikamwambia Tatu atarudi Novemba, viza haiongezwi, na awaambie wazee wa Hamza wapange siku. Akasema, "Mwanangu, na mambo yako je? Wamekwambia umepona?"

"Hawajaniambia."

"Na Salma?"

"Salma ana mama."

Nikasikia kuku wake uani. Niliogopa, na nitakwambia ukweli, niliogopa kuliko siku ya upasuaji. Nilikuwa sijapona, mionzi hata sijaianza, na nilikuwa naitoa kwa mkono wangu akiba pekee ya mtoto wangu. Mwishowe mama akasema haya, akaniambia nijifunike vizuri, baridi ya huko haina adabu. Kadi ikaisha kabla sijajibu.

Omari nilimwambia usiku huohuo. Alisema alikuwa anatania tu, maskini, na nadhani kweli alikuwa anatania. Nikamwambia nikifa atafute mwenyewe, lakini asiwe mzuri kuliko mimi na asijue kusuka. Aliinamisha kichwa akanishika ule mkono usioinuka, akasema atamtafuta kipofu wa vidole. Tukacheka. Mke mdogo hakumwita tena mtu.

Majani ya Germantown yalianguka mimi nikiwa kwenye mionzi, kila siku ya kazi, dakika chache tu juu ya kitanda cha baridi na mikono juu, ule wa kushoto ukiinuliwa kwa kulazimishwa. Ngozi iliungua ikawa nyeusi kama chungu. Bi Loretta alimaliza kabla yangu, na siku yake ya mwisho kila mtu alimpigia makofi. Nilipiga pia, nikimwonea wivu mpaka viganjani. Aliniachia kiti cha dirishani. Kilikuwa na upepo mbaya kutoka kwenye kioo, na miezi yote ile hakusema.

Wiki ya kuondoka, Tatu alichukua mkasi mwenyewe. Nilikuwa nimemkatalia kukikata kisutu. Alikata mraba mmoja wa kisutu, ukubwa wa kiganja, karibu na pindo, akauweka mbele yangu. "Hii ni ya katikati ya Salma," akasema. Nikamwambia ameharibu, mama mkwe atapiga yowe, bibi harusi gani anavaa kisutu chenye dirisha. Akasema basi nilizibe.

Nikaliziba kwa nyota. Sikuwa na muda wa kufumua na kurudia, ndege ilikuwa keshokutwa. Niliikata ndogo, ya kanga zangu kuukuu, na vidole vyangu bado vilikuwa vya mtu mwingine. Safari hii niliiacha robo inchi kila upande. Ncha saba zilitoka kali. Ya nane, ya juu kushoto, nguo iliniteleza, mshono ukaila.

Sasa nisikilize wewe uliyepigiwa simu. Watu watakuja kukuuguza, na wewe utawachukia kwa sababu wanafunga vifungo vyao bila kufikiri. Wapo watakaokwambia wanakupenda, na hutawaamini. Usijilaumu. Muulize tu huyo anayekuletea uji, ukipona, yeye atapata nini. Akikujibu la kweli, kunywa wote.

Picha za harusi zilifika theluji ikiwa imeziba mlango. Salma alilala kwenye kochi chini ya kwilti, mraba mwekundu kifuani, na nywele zake nilikuwa nimezisuka mwenyewe, mistari mipana, myepesi kwa vidole vyangu. Alilia kidogo tu. Nikazipitia picha moja moja. Tatu alikuwa na hina mpaka viwikoni, amenona, kifua kimejaa, na masikio ya Hamza yanaonekana hata kwenye picha za mbali. Mama yangu alikuwepo, amevaa miwani mipya. Akina shangazi wote walikuwepo. Nikatafuta katika kila picha mpaka nikakiona nilichokuwa nakitafuta, begani kwa bibi harusi, pale alipokizungushia kisutu makusudi upande wa kiraka: nyota ndogo yenye ncha saba na nusu.

Ilikuwa yangu, hakuna anayeshona hivyo. Ilikuwa imekwenda Tanga, ikachezewa ngoma, ikakaa begani kwa mdogo wangu siku nzima, na mimi nipo hapa na koleo la theluji. Nikaionea wivu.